Bastola Tupu

Elia mjukuu wangu,

Marahaba, ingawa ujumbe wako haukuanza na shikamoo. Huku Bulwa mvua haikatiki. Bibi yako mzima.

Eti kufyatua bastola isiyo na risasi kunaiharibu? Hizi mpya, si sana. Za zamani, pini inayogonga risasi huvunjika. Yaani hilo tu ndilo linalokusumbua, na umeshaajiriwa ulinzi?

Nilipokuwa mlinzi wa shamba la chai, saa ya mapumziko niliwachekesha wachumaji kwa kufyatua bastola niliyoamini ni tupu. Mara tano haikutoa kitu. Ya sita ilitoboa birika mkononi mwa msichana mmoja.

Ndiye bibi yako. Nilipomsomea ujumbe wako alikwenda jikoni, akalileta lile birika, akaliweka mezani.

Babu yako