Jina Lako Halikuwa la Saa Nne Asubuhi

Bamwai wangu,

Hali yako siulizi. Umelala kwenu Kuresoi chini ya shamba la viazi, nyasi zimeshika vizuri juu yako, na yule ng'ombe wako wa madoa bado anavunja ua wa jirani na watu bado wanakulaumu wewe. Nilipita mvua zilipoanza nikajionea. Ninakuandikia kwa sababu tumepata msichana wa pili, na jina lako limetuletea maneno nyumbani.

Mtoto ni mzima. Ana nywele nyingi na uso wa mtu aliyeamshwa bila sababu ya maana. Chebet wako alijifungua kwa upasuaji hapa Nakuru, saa nne asubuhi, siku na saa zikiwa zimepangwa na daktari kama mkutano wa chama. Mwanangu Mwangi aliponipigia simu, kabla hajamaliza kusema ni msichana, mimi nilikuwa nimeshamwita Cherono. Unajua sisi Wakikuyu hatujisumbui kutafuta jina. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, wa pili ni wa mama ya mama. Wa kwanza alikuwa mimi, kwa hiyo huyu ni wewe. Nikakata simu nikabandika njahi, maharagwe yetu meusi, jikoni, maana mzazi wetu asipokula njahi hatuhesabu kwamba amezaa.

Kumbe nilisherehekea mapema. Nilipofika hospitalini Chebet alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akakataa.

"Mama alizaliwa mbuzi wakirudi jioni," akasema. "Huyu amezaliwa daktari akirudi kutoka chai."

Nikamwambia hakuna atakayeuliza. Akasema watu wa Kuresoi watauliza, tena kabla ya kuketi. Cherono ni wa jioni, na mtoto wa saa nne asubuhi akiitwa hivyo atakuwa anadanganya kila akijitambulisha. Kama jina ni la saa, basi huyu ni Chebet, wa mchana, kama yeye mwenyewe. Lakini nyumba moja haiwezi kuwa na Chebet wawili: mmoja akiitwa kula na mwingine akiitwa kuosha vyombo, wote wataitikia kula. Mwangi, ambaye ndiye baba ya mtoto, alikuwa amesimama dirishani akihesabu magari. Jina la ubatizo lilikuwa limeshapatikana kwenye simu: Shantel. Niliuliza maana yake nikaambiwa halina maana, ni zuri tu.

Hapo wasiwasi ukanishika. Daktari amemwambia Chebet asitafute mwingine. Jina lako lisipoingia katika nyumba hii na mtoto huyu, haliingii tena. Na mimi tangu uondoke sina mtu. Majirani wa Subukia wananiita Mama Mwangi, wajukuu wananiita Shosho, na ng'ombe hawaniiti. Neno hili bamwai, la wazazi ambao watoto wao wameoana, ulinifundisha wewe, na ulipokufa nilibaki nalo mdomoni bila mwenyewe.

Siku tuliyompa msichana wa kwanza jina, najua unaikumbuka. Lakini ulikuwa unaisimulia vibaya kila mara, ukinifanya mkali kuliko nilivyokuwa, kwa hiyo leo acha niisimulie mimi.

Chebet na Mwangi walikuwa wamepanga nyumba kule Kiamunyi. Mimi nilitoka Subukia na sufuria ya njahi. Wewe ukashuka na kibuyu cha maziwa, gunia la viazi, na wanawake wenzako waliojaa kwenye kochi mpaka likapiga kelele. Ukanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi, kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo nikutajie watu wetu. Mtawaita mmoja mmoja mpaka mtoto apige chafya. Yule ambaye jina lake limetajwa chafya ikitoka, huyo ndiye aliyerudi. Nikaona ni jambo zuri, tena la haraka, kwa sababu anayerudi nilikuwa ninamjua. Nikakutajia shangazi ya mume wangu. Nikakutajia mama mkwe wangu, Wangari, jina la watu wa chui, nalo lilimkaa sawasawa. Miaka yote niliyompikia hakuwahi kukubali kwamba chai yangu ina sukari ya kutosha. Mwisho, kwa unyenyekevu, nikajitaja mimi mwenyewe, Nyokabi.

Ukawaita wote ukaniruka. Ukarudia, ukaniruka tena. Mtoto amelala zake. Nikakohoa ili unikumbuke. Nikajitaja mara ya pili, sasa bila unyenyekevu, na wewe ukaangalia dari. Basi nikajua: hawa watu wametoka huko milimani kuja kunifuta katika nyumba ya mwanangu. Nikachukua sufuria yangu, na njahi ndani yake, nikatoka.

Ulinifikia langoni umevaa patipati za Mwangi miguuni.

"Mama Mwangi," ukasema, "hao tunaita pale ndani wote wamekufa. Wewe nikikuita na mtoto apige chafya, jioni si tunakuzika? Na hata hiyo njahi hatujaonja."

Nilitaka kuendelea kukasirika lakini haikuwezekana, kwa jinsi ulivyokuwa unaiangalia sufuria. Nikakueleza kwamba kwetu jina la bibi aliye hai ndiyo heshima yenyewe. Ukaniuliza, kwa mshangao wa kweli, kama tunawapa watoto jina la mtu ambaye bado anakula hapohapo mezani. Nikasema ndiyo. Ukatafakari, ukasema basi ndiyo maana sisi Wakikuyu hatukosekani kwenye nyumba za wana wetu, tumeshajiandika ndani.

Tukapatana hapo langoni, wewe na mimi, bila mzee hata mmoja. Kwenye cheti mtoto aandikwe Nyokabi, na chafya ifuate njia yake. Tukarudi ndani. Ukamwita Wangari, na mtoto akapiga chafya ya mtu mzima. Mpaka leo naamini ulikuwa na ugoro kwenye ukucha. Hukuwahi kukana, ulikuwa unacheka tu na kubadilisha mazungumzo. Ndivyo ulivyonifungia na mama mkwe wangu ndani ya mwili mmoja. Anaendelea vizuri, kwa taarifa yako. Juzi nilimpa chai, akaionja, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Shosho, haina sukari."

Ulipenda sana mambo ya majina baada ya siku ile. Uliniuliza Nyokabi maana yake nini, nikakwambia ni msichana wa kutoka kwa Wamaasai, kwamba zamani huko nyuma mmoja wetu aliletwa nyumbani kutoka kwa watu tuliokuwa tunapigana nao, akazaa, na jina likabaki. Ukacheka. Ukasema kumbe wewe na mimi hatukuanzisha kitu, tumefuata foleni tu.

Lakini mama yangu hakucheka. Yeye, Wambui, alikuwa bado hai wakati ule, anakaa kwangu, na hukuwahi kumwona. Alikuwa na shamba lake kule juu kwenu kabla ya fujo za kufukuzana. Aliteremka na godoro kichwani na kuku mmoja kwapani, na tangu siku hiyo hakulitaja jina la mahali pale. Alisema "kule." Harusi ya Mwangi alisema magoti yanamuuma, na magoti hayohayo Jumapili yalikuwa yamempeleka kanisani na kumrudisha. Siku ya jina vilevile, magoti. Wewe hukuuliza kitu. Ulimtumia viazi.

Viazi vya kwanza aliwapa ng'ombe. Nilikwambia ukweli, nawe ukaniuliza tu kama ng'ombe ameongeza maziwa. Alikuwa ameongeza. Ukatuma vingine. Msimu uliofuata nilimkuta jikoni na kisu, anavimenya, na kabla sijafungua mdomo akaniambia anaangalia tu kama vimeoza. Ilibidi aangalie vyote. Siku ile tuliangalia sufuria nzima, na chumvi juu yake. Hakusema asante, wala hakutaja vimetoka wapi. Alipofariki ulikuja Subukia kwenye mvua, ukasimama nyuma kabisa na kibuyu chako, na watu waliponiuliza wewe ni nani, nilikosa neno la Kikuyu nikawaambia, huyo ni bamwai. Mwaka uliofuata ukaenda na wewe. Hamkuwahi kusalimiana.

Sasa turudi kwa huyu mdogo. Wiki nzima nilimbembeleza Chebet. Siku moja tukikunja nguo za mtoto akasema ukweli wake, nao haukuwa wa mbuzi wala wa jioni. "Mum, nitamgombezaje?" akaniuliza. "Nitasimama hapo niseme, Cherono, wacha ujinga?" Nikamwambia hiyo ndiyo faida. Nikamkumbusha kwamba kila siku anapaaza sauti sebuleni, Nyokabi, toa kidole puani, na mimi jikoni natoa changu. Akacheka mpaka akashika mshono wa tumbo. Kisha akalia kidogo, nami nikaendelea kukunja. Hakusema ndiyo.

Jumamosi dada yako mkubwa akaja na wanawake wake. Ni kweli waliuliza saa ya kuzaliwa kabla ya kuketi. Dada yako akataka watu wetu, nikamtajia: shangazi yuleyule, na safari hii mama yangu Wambui, kwa kuwa sasa anaruhusiwa. Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongeza chumvi, nikakutaja na wewe.

Dada yako si wewe, bamwai. Hachekicheki. Aliniambia Cherono ni wa kwao, hawezi kuja kwa kupitia mlango wa Mwangi. Nikamwambia uliingia kwa mlango huo mara nyingi ukiwa hai, tena bila kubisha. Wanawake wakacheka, yeye akatingisha kichwa. Saa ilikuwa imekukataa, ukoo umekukataa, na mtoto alikuwa amelala kama hana kesi. Nilikaa pale nikiwa na huzuni ya mtu aliyeshindwa mbele ya wageni.

Dada yako akaita shangazi. Mtoto akaendelea kulala. Akaita, "Wambui." Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akapiga chafya mbili zilizofuatana. Na safari hii niliangalia kucha za dada yako. Zilikuwa safi.

Wageni hawakumjua Wambui, walikuwa wanapongezana tu na kufungua kibuyu. Lakini Chebet alimjua. Alikuwa mke wa mjukuu wake, alimpelekea uji, na kwa miaka ile yote bibi huyo alimpa mkono bila kumwangalia usoni. Sasa alikuwa amerudi, mfupi wa kuweza kubebwa, amelala kwenye kifua cha msichana wa kule.

Nikamwona Chebet anamtazama. Akamfuta pua kwa kidole. Akasema, bila kumwangalia mtu yeyote kati yetu, "Mwangi, kwa cheti andika Cherono. Huyu shosho hawezi kukaa hapa peke yake na hajui mtu."

Dada yako akaanza kusema kitu juu ya saa. Chebet akamwambia daktari ndiye aliyekosea saa, aulizwe yeye. Mwangi alikuwa ameshatoa kalamu.

Basi ndivyo ilivyo. Wewe uko kwenye cheti na mama yangu yuko kwenye chafya, nyinyi wawili mwili mmoja, kitanda kimoja, chuchu moja. Sikuuliza kama mnakubali. Sina wasiwasi na wewe, wewe ungemwongelesha hata mwamba. Yeye mpe muda. Usimtajie kule mara moja. Akianza kusema magoti yanamuuma, msogezee blanketi, ngojea. Nadhani ana maneno mengi ya kukwambia, na sasa hana njia ya kutoka nje ya chumba.

Mimi ninakaa hapa Nakuru mpaka Chebet apate nguvu. Ng'ombe wa Subukia wako na jirani. Ninakuacha kwa leo, si kwa sababu maneno yameisha. Nasikia mmoja wenu analia, acha nikaone ni nani.

Ni mimi, bamwai wako.