Pesa ya Kisima Imeishia Kwenye Makato, Mamba Kamchukua Jirani

Shangazi Rebeka, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia ndani, maana nikitoka naitwa mwizi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama huku Ilemela, mtaa wa kando ya ziwa, maji tunachota ziwani na mamba wapo, ndiyo maana nilipeleka ombi letu la kisima kwenye mfuko mmoja wa mtandaoni, hauna ofisi wala mkurugenzi, watu wa nchi mbalimbali wanachangia mradi wanaoupenda na mfuko unaongezea, na kweli tukachangiwa, tukaimba na kucheza, lakini pesa ilikuja kwa sarafu za kidijitali, na kwa kuwa kikundi hakijasajiliwa nikaipokea kwenye simu yangu kwa jina langu, nikabonyeza nakubali bila kusoma, kumbe pameandikwa kwamba sheria na kodi ni juu ya mpokeaji.

Kuhamisha sarafu kukawa na makato, Nathaniel, kijana wa mjini anayezibadilisha kuwa shilingi, naye akakata chake, kutoa kwenye simu nikakatwa tena, na hapo nimebadilisha nusu tu, ile nusu nyingine ikashuka bei. Mchimbaji akasema haitoshi. Nikaona aibu, nikawaambia wenzangu pesa haijafika, nasubiri bei ipande. Katika kusubiri huko mamba akamchukua jirani yangu Awuor akichota maji. Tulipata kitenge chake tu.

Msibani, Precious, mwekahazina wetu, alikuwa ameshaambiwa na Nathaniel kila kitu, naye akawaambia watu. Ooko, mume wa marehemu, akanisimamisha mbele ya watu: "Shemeji, kisima kiko wapi?" Nikakimbilia nyumbani.

Sasa wenzangu wanataka kwenda polisi, kaka yangu Maige anasema nikimbilie Geita, na Nathaniel anasema sarafu zilizobaki atazitoa kimyakimya bila karatasi yoyote, nimwachie robo. Sijala hata senti, Shangazi. Nifanyeje?

Teodora, Ilemela

SHANGAZI REBEKA ANAJIBU

Marahaba Teodora, na pole. Naamini hukula pesa hiyo. Ila uliwadanganya wenzako, na wana haki ya kukukasirikia.

Geita usiende. Ukikimbia, nani ataamini kwamba hukuiba? Nathaniel mkatae leo. Kumbukumbu za kila kilichoingia na kutoka ndizo utetezi wako, na yeye anataka usiwe nazo. Sarafu ziko kwa jina lako, kwa hiyo iwe sheria, iwe kodi, atakayeulizwa ni wewe. Tafuta msaidizi wa kisheria, wapo wasiotoza pesa, mweleze yote bila kubakiza, akupeleke ofisi ya kodi mkaulize kama kuna unachodaiwa. Usibahatishe.

Kisha mwombe mtendaji wa mtaa aitishe kikao. Weka simu mezani, waonyeshe makato moja moja. Watakutukana, kaa hapohapo. Wakitaka kwenda polisi, nenda nao kwa miguu yako. Halafu kikundi kisajiliwe na kiwe na akaunti yake, ambayo mtu mmoja hawezi kuigusa peke yake. Nanyi wengine mnaosoma, kabla hamjaomba pesa za namna hii ulizeni: zitapokelewa kwa jina la nani, na baada ya makato kitafika nini mkononi? Hilo, Teodora, ninyi mlipaswa kulijua kabla ya kucheza ngoma.

Najua ungependa nikuambie kwamba Awuor angekufa tu. Sijui, na wewe hujui. Kama ungesema mapema, huenda kikundi kingebuni njia nyingine. Kwa Ooko nenda kabla ya kikao, na habari za bei ya sarafu ziache nyumbani. Mwambie kisima hakipo na ulijua hakipo. Akikufukuza, ondoka kwa heshima.

Kilichobaki hakichimbi kisima, lakini huenda kinatosha kuzungushia uzio wa miti imara pale mnapochota. Wapelekee wazo hilo, waamue wao. Na ufanye haraka, Teodora. Kesho asubuhi kuna mama atashuka ziwani na ndoo yake.