Sakafu Niliyoimwaga Mara Mbili

Jumanne, 2 Septemba
Siku ya tatu ya kubomoa sakafu. Mkono wa kulia umevimba hadi kwa kiwiko. Nyundo ni ya kuazima kwa fundi Wambua, nzito kama mtoto wa darasa la kwanza. Leo karai arobaini za vipande. Nazimwaga kando ya kijia ili kila anayepita azione. Waliona ikipasuka, waione pia ikitoka.

Ufa mkubwa ulianzia pale mlango ungekuwa, ukaenda hadi nyuma. Kidole changu cha mwisho kiliingia chote. Ndugu yangu Mutiso ameambia soko lote la Kola kwamba shamba limekataa nyumba ya msichana. Msichana! Niko na miaka hamsini na mbili. Baba alinipa kipande hiki akiwa hai, ndoa yangu ilipoisha, na Mwaitu, mama yetu, akiwa hapo anasikia. Shamba halina mdomo. Mutiso ndiye ako nao.

Nimekula viazi vitamu. Nalala hapa hapa shambani, kwa kibanda cha vifaa.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemaliza kubomoa. Nimekaa juu ya rundo nikajiambia ukweli. Hakuna laana hapa. Ni sisi.

Januari nilimwaga na mwethya, akina mama wetu wanaosaidiana kazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwanza maombi. Halafu chai. Halafu hotuba tatu. Tulianza kuchanganya jua likiwa utosini. Na kila mama aliyepita kwa mchanganyiko alitia kikombe cha maji ili uchoteke kwa urahisi. Ukawa uji. Nikawashukuru mmoja mmoja. Jioni wakaenda kwao, nami nikarudi kwa chumba changu cha kupanga Kyumbi. Hakuna aliyeirudia na hata tone la maji. Jua na upepo vikamaliza kazi.

Na nilijua. Miaka kumi na moja nimepikia shule mjini. Wakati bweni linajengwa nilikuwa napeleka chai kwa mafundi. Niliona msimamizi akimfukuza mtu kwa sababu ya ndoo moja ya maji. Niliona sakafu ikifunikwa gunia mbichi wiki mbili. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuona haya kuamrisha watu waliokuja bure. Hiyo ndiyo inaniuma.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya kanisa nilipanda kwa Mutiso. Mwaitu anaishi huko, kwa nyumba ya huyo mwanawe. Mutiso hata hakungoja nikae. Amesema nikimwaga tena na ipasuke tena, basi nirudi Kyumbi na kipande kirudi kwake. Nikasema sawa. Nikasema aje mwenyewe aikague siku ya kumi na tano, aje na miwani.

Sijui kama nilikuwa jasiri au mjinga. Pengine yote mawili.

Mwaitu alikuwa anachambua mbaazi kwa ungo. Hakuinua kichwa. Anajua Baba alisema nini. Angetoa neno moja tu.

Jumanne, 9 Septemba
Mkutano wa mwethya. Nimewapa masharti. Waje saa kumi na mbili asubuhi. Chai baada ya kazi. Ndoo ya maji haiguswi na mtu ila mimi.

Kisha Mama Kalekye, mwenyekiti, akauliza kama siku hizi nimekuwa kontrakta. Mwingine akasema mwethya si vibarua. Ni kweli, si vibarua. Nikajibu kwamba asiyeweza akae nyumbani, sitaweka kinyongo. Uongo. Nitakiweka.

Alhamisi, 11 Septemba
Mawe yamepangwa, murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, juu yake. Tumenyunyiza maji na kushindilia kwa gogo mchana kutwa. Wambua alitaka kuacha saa nane. Nikapita juu nikikanyaga kwa kisigino. Kikaacha alama. Tukarudia. Saa kumi kisigino hakikuacha kitu.

Nailoni imetandikwa. Wavu wa chuma umeinuliwa kwa vipande vya mawe, usilale chini kama mara ya kwanza. Wambua anasema niko na mdomo. Ninao.

Jumamosi, 13 Septemba
Kati ya wamama ishirini na sita walikuja tisa. Mama Kalekye alikuwa wa kwanza, leso imefungwa kiunoni, uso umekunjwa.

Tulianza kabla ya jua. Boksi moja la simiti, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Mimi na ndoo yangu. Mchanganyiko mgumu, ukiuminya unakaa kama ugali wa wanaume. Walilalamika. Migongo, mikono, koleo haliingii. Kwa karai ya thelathini hivi nikamwona Mama Kalekye na kikombe. Nikamshika mkono. Mbele ya wote. Mama aliyesimamia matanga ya Baba. Koleo zote zikasimama. Aliniangalia, nikamwangalia. Akamwaga maji chini, akashika koleo, akachanganya kuliko wote.

Saa nne kasoro tumemaliza. Wambua akapitisha mwiko kando ya ubao mnyoofu akachora mfereji katikati, kina cha inchi moja, kutoka upande hadi upande. Vyumba viwili, na ukuta utakaa hapo juu. Wakacheka. Unaogopa ufa na unajichorea mmoja? Nikawaacha wacheke.

Tukaweka turubai juu ya miti kuzuia jua. Ilipokaza nikatandika gunia zilizolowa. Halafu chai. Walikunywa sana.

Jumapili, 14 Septemba
Sikuenda kanisa. Nimemwagilia asubuhi, mchana, jioni. Waliotoka misa walipita wakiniangalia nikinywesha mawe. Niliwasalimia kwa sauti kubwa.

Jumatano, 17 Septemba
Mutiso amefunga kwa kufuli tangi lake nililokuwa nachotea maji. Anasema maji ni ya ng'ombe, si ya simiti, na watu watamwona mjinga. Sikubishana. Nimeazima punda wa jirani. Safari mbili hadi kisimani, mitungi minane. Foleni ya saa tatu nzima. Mitungi saba kwa sakafu, mmoja wangu.

Sijaoga tangu Jumapili. Nanuka. Wacha ninuke.

Jumatatu, 22 Septemba
Upepo umefunua kona moja. Nimetoka kisimani nikaikuta nyeupe, imekauka kabisa. Nimelia nikiwa nimepiga magoti hapo, na mtungi mkononi. Kisha nikaweka mawe juu ya kila gunia.

Jumamosi, 27 Septemba
Siku ya kumi na nne. Nimetoa gunia, nimefagia. Nimetambaa sakafu nzima kwa magoti, futi ishirini kwa kumi, uso karibu uguse chini. Hakuna kitu. Kona ile iliyokauka, hakuna kitu.

Halafu nikaangalia ndani ya mfereji. Mstari. Mwembamba kama unywele, kutoka upande hadi upande.

Nikamwita Wambua. Akaja, akaangalia, akacheka. Anasema simiti ikikauka hujikaza, na ikijikaza lazima iachie mahali. Tuliifanya dhaifu hapo makusudi ili iachie hapo, chini ya ukuta, isihangaike kwingine. Najua ako sawa. Lakini Mutiso atasema nini? Wambua akajitolea kupaka simiti laini mstari uzibwe kabla ya kesho. Nikakataa. Sifichi kitu kwa shamba langu.

Jumapili, 28 Septemba
Mutiso alikuja na miwani. Mwaitu nyuma yake na fimbo yake, akasimama kando.

Alizunguka mara mbili. Mara ya tatu akainama kwa mfereji, akapitisha ukucha. Imepasuka, akasema. Nikamweleza kama Wambua alivyonieleza. Akasema ufa ni ufa na mapatano ni mapatano. Nitoke kabla mwezi haujaisha. Mwezi unaisha keshokutwa.

Nikamwambia sitoki. Sakafu imefanya vile nilitaka ifanye, pale nilitaka. Kama anataka itoke, nyundo ako nayo Wambua, aende aazime. Mimi nishavunja moja, sasa ni zamu yake.

Akaondoka. Mwaitu akamfuata polepole, bila neno. Nilimchukia mama yangu mchana wote. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatatu, 29 Septemba
Nilikuwa nafagia. Mwaitu ameteremka peke yake. Akavua viatu, akaviweka kando, akapanda sakafuni. Akapita chumba hiki, akapita kile. Akauliza ni upande gani jua la asubuhi litaingia. Nikamwonyesha.

Akaketi chini, kisha akalala chali juu ya simiti tupu, mikono kifuani. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Akasema nilete kaa la moto lililozima, nichore kichwa kinapofika na miguu inapofika, kwa sababu hataki kitanda chake karibu na mlango. Upepo wa Kola unamuumiza mgongo.

Nikachora. Kichwa, miguu, kisha pande zote mbili.

Mutiso alikuwa juu kwa ua wake, anatuona. Hakushuka. Mwaitu alikaa hapo hapo amelala, akasema ni baridi nzuri.

Nimemtumia Wambua ujumbe. Mawe ya ukuta yanakuja Jumatano.