Kadi Yako Imejaa Mihuri

Baba Zuhura,

Hapa Mbagala jua ni kali, na mabeseni yetu ya plastiki ya kuuza yameanza kulegea, kama ulivyokuwa ukilalamika kila kiangazi. Nimeyasogeza upande wa ukuta. Huko uliko naomba kuwe na kivuli.

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na hofu zangu nilizoea kukuambia wewe. Kesho Jumanne nakwenda Kariakoo kwa Mzee Salehe, dukani ulikokuwa ukichukua mali, na anataka jibu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukigonga vitu? Kila beseni ulilipiga kwa kifundo cha kidole, ukainamisha sikio. "Hili zima, linaitika." Lenye ufa uliliweka kando hata kama ufa wenyewe hauonekani. Uligonga mapapai, uligonga mlango wetu ukirudi, na mie ndani najibu, "Linaitika!" Zuhura alilijua neno hilo kabla ya kujua shikamoo.

Siku tuliyokuzika, kabla jeneza halijatoka, shemeji Athumani alisimama uani akatangaza: "Kama yupo anayemdai ndugu yetu, asione haya, aje kwetu." Nilikuwa ndani na wanawake, nimejifunika khanga, nikiomba isitoke sauti. Haikutoka. Kumbe Mzee Salehe alikuwepo, akanyamaza kwa kunisitiri.

Lakini mie nilijua. Kabla hujalazwa ulichukua mzigo kwake kwa mali kauli, ulipe ukishauza. Tuliuza, na pesa ikaishia kwenye dawa. Eda nzima, kila nikisikia hodi moyo uliruka. Na wanasema roho ya maiti hufungwa na deni lake. Kila nilipotawadha nilikuwaza umefungwa mahali, unanisubiri.

Eda ilipokwisha nikaenda mwenyewe. Akaitoa kadi yako, ile ya karatasi ya manila. Mihuri ya bluu imejipanga, muhuri kwa kila mzigo uliolipa, halafu mwishoni misalaba ya wino mwekundu, msalaba kwa kila siku ya kulipa uliyoikosa.

"Wewe sikujui kibiashara, mwanangu," alisema. "Namjua huyu. Alikuwa mtu wa kauli, maradhi yakamharibia jina. Ukitaka mali kwangu, itengeneze kadi yake."

"Naitengenezaje, mzee?"

"Chukua kidogo, rudisha mapema, na deni la zamani ulipunguze. Na siku nikikupa kingi, kataa."

Nilianza na vifuniko na majagi. Nikauza, nikarudisha kabla ya siku. Muhuri. Nikachukua ndoo. Muhuri. Jirani yetu Mama Sikujua, yule wa vitumbua, akanitania mbele za watu: "Wenzio wakitoka eda wanatafuta bwana, weye umeolewa na beseni!"

"Beseni halirudi limelewa, shoga."

Tulicheka mpaka vitumbua vikaungua. Kisha akachukua beseni moja, akasema atalipa mwisho wa mwezi, na kicheko changu kikakatika hapo hapo. Na mie sasa nilikuwa nangoja kauli ya mtu.

Mvua za masika ziliponyesha, hakuna aliyenunua. Siku ya kulipa ikakaribia nami sijatimiza. Nilitaka kujificha mpaka ipite. Ndipo nikakukumbuka ulipoanza kuugua, ulivyokuwa ukizunguka mtaa wa nyuma usipite dukani kwa Mzee Salehe, kwa aibu. Sikulaumu, mume wangu. Ila nadhani misalaba ile ililetwa na kule kuzunguka zaidi ya maradhi. Basi nikaenda siku moja kabla, nusu ya pesa nimeifunga kwenye pindo la khanga. Hakupiga muhuri, wala hakuchora msalaba. Kisanduku cha siku ile kwenye kadi akakiacha cheupe. "Anayekuja kabla ya siku hajakimbia," alisema.

Jumamosi nimelipa kilichobaki chako. Muhuri wa mwisho ulipopigwa nililia pale dukani, na wapagazi wakajifanya wanakaza kamba. Umefunguliwa, Baba Zuhura.

Halafu akatoa kadi mpya. "Hii niandike jina la nani?"

"Liandike lake."

Akatikisa kichwa. "Maiti hakopi, mwanangu. Yeye amemaliza. Kafikiri, uje Jumanne."

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Chini ya jina lako nilikuwa nimejificha. Ningeanguka, watu wangesema ni yale mambo ya marehemu. Sasa nikianguka, nimeanguka mie, na siku yangu ikifika, Zuhura ndiye atakayejifunika khanga ndani akiomba isitoke sauti uani. Nisipoichukua kadi, haya mabeseni yakiisha ndiyo basi, na mtoto anataka kusoma.

Leo nimeligonga la mwisho kwenye rundo, likaitika. Kisha, usinicheke, nikajigonga kifuani kwa kifundo cha kidole, nikainamisha sikio. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Nilisikiliza sana, kama ulivyokuwa ukisikiliza wewe. Ufa sikuusikia.

Kesho nitamwambia aandike Mwanahawa. Hakuna anayeniita hivyo tangu uondoke. Kadi yako kanirudishia, nimeilaza chini ya kofia yako. Pumzika, mume wangu. Ukiweza, niombee.

Mkeo,
Mama Zuhura