Sufuria ya Kunihiko

Shiori, shoga yangu, upo? Leo nimeaibika, sijui hata nianzie wapi.

Si tulikuwa mtoni kupika magimbi, kama kila mwaka majani yakianza kuwa mekundu. Na sisi wa Yamagata unatujua, ni nyama ya ng'ombe na sosi ya soya, basi. Nimeinama napuliza moto, mara nikasikia harufu ya miso nyuma yangu, ile soya iliyochacha wanayopikia nguruwe watu wa Sendai.

Nikapayuka bila kugeuka: "We Kunihiko! Peleka nguruwe wako huko, hapa si Sendai!"

Kunihiko, Shiori. Yule wa Sendai tuliyemzika mwezi wa nne!!

Watu wote wakanigeukia.

Nageuka, ni mkewe, Masae. Kashika ile ile sufuria ndogo ya marehemu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikasema, "Masae, nisamehe, ulimi umeteleza."

Unajua kanijibu nini? "Usiniombe radhi. Tangu tumzike hakuna aliyemgombeza. Kila mtu anamtaja kwa kunong'ona."

Kwa kunong'ona, Shiori.

Akawasha moto wake pembeni, pale pale tulipokuwa tukimfukuzia mumewe.

Alipopakua, hakuna aliyekataa. Miaka yote ile tumeitukana sufuria ya Kunihiko, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuionja.

Ni tamu. Ni tamu, shoga yangu, tumeikomba mpaka tone la mwisho.

Sasa nani atamwambia Kunihiko?