Mwezi wa Nyuma ya Ghala

Garissa, 8 Januari 1996

Walaal Kerrow,

Assalaam aleikum warahmatullah. Sisi wazima, alhamdulillahi; mbuzi wamekonda, watoto wamenenepa. Wewe je, baridi ya mlima huko Chile imekuachia masikio?

Ndugu yangu, nakupa neno, lifunike. Shemeji yako Gelle ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa pili sasa, mwezi wa Ramadhani nauona mimi. Tunapanda mwinuko wa nyuma ya ghala, namshika kidevu, namgeuza upande wa mto, namwambia, "Pale." Kisha yeye anakwenda kuwaapia wazee kwamba ameuona. Mwanamke hawamsikilizi kwa jambo la mwezi. Na wakijua kwamba yeye haoni, watamvua ushahidi wa mwezi aliomwachia baba yake. Hiyo ndiyo heshima yake yote iliyobaki. Hajui kama nimekuandikia.

Hiyo mashine yako ya kuona nyota, haiwezi kumsaidia mtu macho?

Choma karatasi hii.

Abaayo yako,
Qali

Chile, 2 Februari 1996

Abaayo Qali,

Waaleikum salaam. Masikio yapo, pua ndiyo sina hakika nayo. Ramadhani karim.

Mashine yangu haiponyi, abaayo; mpeleke kwa daktari. Mimi natengeneza kisanduku cha umeme kinachoiamuru kamera ya darubini: fungua, funga, kaa baridi, sasa toa picha. Unakumbuka kisima cha kwetu Buna, watu wakipokezana ndoo kutoka chini kwa wimbo? Ndani ya kamera mwanga umetekwa hivyo hivyo, katika vijindoo mamilioni. Kisanduku changu ndiye mwimbaji. Kila safu inaipokeza nyingine hadi juu, na tone halimwagiki.

Karatasi nimechoma. Neno lako liko kifuani.

Ndugu yako,
Kerrow

Garissa, 25 Machi 1996

Kerrow,

Assalaam aleikum. Afya yako leo siulizi.

Ijumaa Dagane, mwenyekiti wa msikiti, alisoma barua yako mbele ya watu wote. Kwamba shahidi wetu haoni. Kwamba Idi tulisali kabla ya siku yake. Gelle alikuwa safu ya mbele. Mtu akacheka, "Kumbe tulifungua kwa macho ya kipofu!"

Alirudi akipapasa kuta. Zamani alikuwa anajikaza asiziguse. Chai hakunywa. Aliuliza jambo moja tu: "Huko Chile wamejuaje?"

Mimi nilichukua kikombe chake, nikatoka nje.

Ulisema tone halimwagiki. Nilikupokeza ndoo moja tu, Kerrow, ukaenda kuimwaga msikitini.

Dada yako,
Qali

Chile, 17 Aprili 1996

Abaayo mpenzi,

Waaleikum salaam. Nakuomba unisikilize. Niliposikia Garissa mmefungua kabla ya wenzenu, nilipiga hesabu: mwezi wa jioni ile ulikuwa mchanga mno. Kazini, mwanga wa uongo ukiingia kwenye picha ninausema, hata mkubwa wangu akinuna. Je, saumu ya watu ni ndogo kuliko picha? Ningenyamaza, Mungu angeniuliza.

Jina lako sikulitaja popote. Nijibu.

Ndugu yako,
Kerrow

Chile, 30 Agosti 1996

Abaayo,

Assalaam aleikum. Hii ni ya tatu tangu uninyamazie. Tukana basi, nitafurahi.

Ndugu yako,
Kerrow

Garissa, 11 Januari 1997

Kerrow,

Assalaam aleikum. Salamu ni haki ya kila Mwislamu, nimekupa.

Barua zako zimefika. Kweli, hukunitaja. Lakini kidevu cha Gelle kilishikwa na mkono mmoja tu duniani, angemdhani nani? Hajanigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza. Madaktari wa macho walikuja mjini na gari lao. Alikataa kwenda. "Nikaone nini?" akasema.

Mwaka huu shahidi wa mwezi ni Sugow, mpwa wa Dagane.

Jana magharibi nilipanda nyuma ya ghala peke yangu. Ulikuwepo, mwembamba, pembe juu. Nilisahau yote. Nilishuka mbio, nikapiga magoti mbele ya Gelle, nikamshika kidevu kama zamani nimgeuze. Akautoa mkono wangu polepole, akauweka magotini pangu.

"Nimeuona," nikamwambia. "Upo."

"Vizuri," akasema. "Na huu utamwandikia nani?"

Qali