Wanakuja Jumamosi na Brashi

Shangazi Mshauri, pokea salamu zangu na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni sebuleni kwangu, na makochi mapya yako mbele yangu yamevaa nailoni, kwa sababu hata mimi mwenyewe siyakalii.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na makochi haya nimeyapata kwa jasho la miaka minne, ya rangi ya maziwa, na siku yalipoingia nililia kwa furaha na mume wangu akasema haya mama, sasa tumefika. Shida ni kwamba kikundi chetu cha maombi kilikuwa kinakutana kwangu kila Alhamisi, watu kumi na wawili, na kati yao yupo fundi magari anayetoka gereji moja kwa moja na mafuta kwenye suruali, na jirani mwenye mapacha wanaokula biskuti huku wanatembea, nami nilipowawazia juu ya makochi yangu nikaona giza, nikawaambia nyumba inapakwa rangi, wakutane kwingine kwa muda. Wakahamia kwa mwenzetu mmoja mwalimu, anayeishi ghorofa ya tatu.

Sasa mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ndiye aliyekianzisha kikundi kabla mimi sijaolewa, magoti yake hayawezi ngazi. Alhamisi tatu amebaki nyumbani. Hanilaumu. Anakaa kwenye kigoda jikoni, anaimba nyimbo zote peke yake, sauti ya kwanza na ya pili, halafu anaombea kila mtu kwa jina, na juzi nikamsikia, "Bwana, na huyu mkwe wangu, rangi yake imkaukie upesi," naye anajua vizuri hakuna hata kopo moja la rangi humu ndani!

Jana ndiyo nimeishiwa nguvu kabisa. Fundi magari ameniandikia: "Mama Sare, tunaona rangi inakusumbua. Jumamosi tunakuja wote na brashi, usihangaike." Shangazi, nifanyeje? Niseme kazi imeisha? Au nisafiri?

Mwenye Makochi

Mwenye Makochi mpenzi, nimecheka, nimeshindwa kusubiri. Usisafiri. Utayaacha makochi na nani?

Kwanza hongera. Sina ugomvi na kochi, na Mungu hachukii mtu kukaa pazuri. Lakini wewe hukai! Miaka minne umeinama kwenye cherehani ili uje ukae sakafuni? Ulikuwa na viti vibovu na watu kumi na wawili wanaomwita Bwana kwa sauti moja, leo una nailoni, halafu mnaambiana mmefika. Mmefika wapi? Na anayelipia ni mama wa watu mwenye magoti mabovu, anayeimba sauti zote peke yake jikoni. Hapo sikucheka, mwanangu. Hapo niliumia.

Tena watazame hao uliowafungia mlango. Umewadanganya, wao wakaenda kutafuta brashi. Huo ndio utajiri uliokuwa nao sebuleni, na hakuna fundi seremala atakayekutengenezea mwingine.

Basi leo, kabla hujabandika sufuria, chana nailoni yote. Usiikunje ukaiweka kabatini, nakujua, itupe. Mtoe mama mkwe jikoni umkalishe kochi la katikati, kisha umwombe msamaha. Halafu mpigie simu fundi magari umweleze ukweli kwa mdomo wako, usingoje wafike na ndoo. Watakutania mpaka uzeeke, vumilia, umejitakia. Brashi zao zisikae bure: ulizeni nani kati yenu ana ukuta unaobanduka kweli, Jumamosi mwende wote, nawe utangulie na kopo la rangi ulilonunua mwenyewe. Na kama kitambaa cha maziwa bado kinakunyima usingizi, si wewe ni fundi? Shona vifuniko vya kitambaa cha sare. Hicho kimeshavumilia watoto wa shule nzima, hakitashindwa na mapacha wawili.

Alhamisi wakirudi, biskuti itasagika kwenye kochi lako, na nina hakika itakuwa katikati ya maombi. Utataka kukimbilia ufagio. Kaa hapo hapo, shika mkono wa mama mkwe, na usubiri amina.